Nilimpeleka mama kupumzika mashambani Kilifi, nikamtembeza makaburini

Wakuu, assalamu alaykum, na wenye salamu nyingine hamjambo.

Haya ni kweli tupu. Anayedhani natunga aje Mji wa Kale, Mombasa, aulizie mtaani kwetu. Watamcheka kwa niaba yangu kabla hajamaliza swali.

Mimi nauza vitambaa kwenye duka la Mhindi mmoja hapa mjini. Shule niliishia form two. Ila ndoto yangu ni kuwa tour guide. Siku nikiwa sina kazi huenda Ngome ya Yesu, natembea nyuma ya wageni kama niliyepotea, kumbe nasikiliza maelezo ya bure. Historia ya pwani naijua mpaka nimekuwa kero nyumbani.

Sasa, baba alifariki mwaka jana. Mama akakaa eda, eda ikaisha, yeye akabaki vilevile. Hatoki. Harusini haendi, kwa majirani haendi. Akiitwa husema, "Kesho inshallah." Hiyo kesho tuliingoja mpaka watu wakaacha kuja kumwita.

Nikaogopa wakuu. Nilihisi namkosa na yeye, naye yuko hai, amekaa dirishani.

Ndipo nikaona mtandaoni nyumba ya kukodi, mashambani upande wa Kilifi. Minazi, baraza pana, utulivu. Chini wameandika kuna sehemu nyingi za kutembelea karibu. Nikafanya booking papo hapo, kisha nikamwambia mama ishalipiwa na pesa hairudi. Mama yangu anaweza kukosa harusi, lakini hawezi kuona pesa inapotea hivi hivi.

Nyumba yenyewe nzuri, sina lawama. Asubuhi nikaita tuktuk. Dereva ni kijana wa Kigiriama, Katana, mpole, akamfutia mama kiti kabla hajakaa.

Kwanza nikachagua magofu, mji uliohamwa na wenyewe karne nyingi nyuma. Nikatangulia, nikasafisha koo, nikaanza kama wale jamaa wa Ngome: hapa walikaa matajiri, pale palikuwa na kasri...

Nageuka, mama hayuko nyuma yangu. Yuko mbele ya kaburi la mnara, mikono juu, anaomba dua, machozi yanamtiririka.

Wakuu, hayo makaburi yamo kwenye kila picha ya pale. Nimeyaona mara nyingi sana, nikaona usanifu. Haikunijia akilini kwamba mjane ataona kaburi.

Nikasema tuondoke, twende kwenye msikiti wa kale, una kisima kizuri. Kisima kipo kweli. Ila kukifikia unapita katikati ya makaburi. Na mtu wa Mombasa hapiti makaburini bila kuwasalimia waliolala, na mama hasalimii kwa jumla. Alisimama kwa kila mmoja. Mimi nikabaki kisimani peke yangu, namweleza mbuzi historia ya maji.

Mama akarudi, akanitazama.

"Mwanangu, mimi n'na marehemu wangu mmoja, anitosha. Mbona wanitafutia na wengine?"

Nilitamani ardhi ipasuke nizame, ila pale ardhi ilikuwa imeshajaa.

Nikamwambia Katana basi, atupeleke kwenye mikoko, kuna daraja la mbao na sambusa za kaa. Akaitikia, lakini akakata kona ambayo sikuielewa. Tukapita mihogo ya watu, tukapita mabanda ya mbuzi, akasimama.

Mbele yetu kaburi. Tena kubwa, lina ukuta wake na bendera.

"Nimeona nyinyi ni watu wa makaburi," Katana akasema kwa fahari, "nikaona si vizuri muondoke bila kuliona kubwa lao."

Nikasikia mama nyuma yangu ameanza kutikisika. Nikajua ndio nimemmaliza kabisa.

Kumbe anacheka. Mtandio kautia mdomoni, anapigapiga kiti, anajaribu kusema neno halitoki. Katana naye akacheka, bila kujua anacheka nini. Mimi nikageuka nikatazama mihogo, maana machozi yangu mimi hayakuwa ya kicheko.

Alishuka akaomba dua yake kwa adabu zote. Halafu tukaenda kula sambusa, na alikula zake na zangu.

Jumatatu natoka kazini, nakuta nyumba ina kufuli. Nikaanza kumwita, nikasikia vicheko nyumba ya pili, na sauti ya mama juu ya zote. Anasimulia safari. Makaburi yameshafika kumi, na mimi eti nilizimia kwenye la nne.

Kesho yake akaingia nyumba nyingine. Kesho kutwa yake, nyingine. Tajiri wangu dukani naye keshasikia, ananiuliza kama anihamishie upande wa sanda.

Sijamsahihisha mama hata neno moja. Naomba tu nyumba za mtaa huu zisimuishie.

Funzo, wakuu: ukitaka kumtembeza mzazi, muulize kwanza anataka kuona nini. Wewe unayejua historia nyamaza kidogo.

Wenyeji wa Kilifi, nisaidieni hapo chini: karibu na hizo nyumba za kukodi kuna sehemu gani haijazikwa mtu? Mama ameniuliza tunarudi lini.