Kengele ya Kwenye Stempu

Sasa naweza kulisimulia jambo hili, lakini Jumapili ile ningeliona shimo pale kanisani mtaa wa Frogtown, huku Marekani, ningejifukia na suti yangu, maana kwaya nzima ya kina mama ilikuwa inaimba uongo wangu kwa sauti nne, na mimi nimekaa mstari wa mbele napiga makofi.

Ilianzia garini. Nilikuwa nampeleka jirani yangu Mkongo, Mama Furaha, kazini kwake kwenye ghala la vifurushi Shakopee, akanionyesha bahasha iliyotoka kwa mdogo wake aliyeko Ulaya. Kwenye stempu kulikuwa na kanisa kuukuu, kuta nene, minara kama ya boma la vita.

"Anasema ni kanisa la kuhiji, liko karibu na kwake. Mwanangu, weye unaandika vitabu, kwa nini kanisa lijengewe ngome?"

Ningesema sijui, tungefika salama. Lakini mimi (mwenye riwaya moja isiyoisha na kiburi cha riwaya kumi) nikasema maadui walikuja, mahujaji wakafunga malango, alfajiri kengele ikalia yenyewe, maadui wakatimua mbio, hakufa hata mtoto mmoja.

Mama Furaha akairudisha bahasha mkobani. Akishuka akasema, "Kanisa letu kule Kongo halikuwa na ukuta walipokuja," akafunga mlango polepole.

Wiki nzima sikutulia. Mara tatu nilimpigia simu niseme ukweli, mara tatu alipoitika nikamuuliza kama kwake theluji imeacha. Kufika Alhamisi kwaya yake ilishatunga wimbo wa kengele (kina mama hawa ukiwapa habari asubuhi, jioni ina soprano na besi).

Jumapili akampigia mdogo wake kwa video, simu ikaunganishwa na spika za kanisa ili sote tumsikie. Wimbo ukaisha, vigelegele, kisha sauti ikajaa ukumbi:

"Dada, kengele gani? Mnara uko mtupu, njiwa tu! Nani kawaambia?"

Vichwa vikanigeukia. "Fundi wa maneno, simama tukuone!" akasema kiongozi wa kwaya. Nikasimama, nikajikwaa kwenye waya, spika zikazimika zote, nikakiri: "Nilitunga."

"Na sisi tumefanya mazoezi siku tatu!" mama mmoja akalalamika, watu wakaangua kicheko.

Mama Furaha hakucheka. Akanijia, simu mkononi.

"Na wale watu wa ndani? Walipona, ama nao uliwatunga?"

Ulimi ulishaanza kutafuta maneno mazuri. Nikauzuia.

"Sijui, mama."

Akainua simu. "Mdogo wangu, kesho uende ukaulize. Kengele wacha. Uulizie wale watu."

Tangu siku ile nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, hata mbele ya wasomaji wangu. Jibu la Ulaya bado halijafika. Kila asubuhi Mama Furaha akifungua mlango wa gari, kabla hata ya kumwamkia, namtazama kwanza usoni.