Nilimpima Wifi Yangu Kashiba Futari

Kosa ni langu mie, na wala simsingizii shetani. Mwezi ulikuwa wa Ramadhani, shetani keshafungwa minyororo, kwa hiyo uovu ule niliufanya peke yangu bila msaidizi!

Yakhe, mie napima altrasaundi kwenye kituo kidogo cha binafsi hapa Pemba. Nilianzia skuli ya usiku, mke wa mtu, mtoto mgongoni, nikasoma mpaka mbu wote wa Mkoani wakanijua kwa jina. Nikaingia chuo, nikapata cheti. Basi nikaringa! Hata kuku wa jirani nilitaka waniite dokta.

Mmoja tu alikataa. Wifi yangu, dada wa mume wangu. Nimwite Mize, ingawa si jina lake. Yeye aliniita Msomi wa Kibatari.

"Msomi wa Kibatari, chumvi umeisahau au kitabuni haimo?" Mbele ya wageni!

Na mie sikuwa bubu. "Mize, mdomo wako ungekuwa cheo, saa hizi ungekuwa waziri!" Tulichukiana mpaka paka wa nyumbani akituona pamoja anatoka nje.

Ramadhani iliyopita Mize akaanza kulalamika ubavu wa kulia, chini ya mbavu, maumivu yanampanda mpaka begani. Akila cha nazi au cha kukaanga ndiyo hasa. Akaomba asifunge, na apumzishwe kazi za jikoni. Mama yake akamwambia, "Kapimwe kwanza. Wifi yako si yupo?"

Wakaja wote wawili baada ya magharibi. Mize keshakula muhogo wa nazi na bajia, kwa sababu aliamini, kama wengi wetu, kwamba kipimo kinafunguza. Uongo mtupu! Jeli inapakwa juu ya ngozi, tumboni hakiingii kitu. Na mfuko wa nyongo unataka tumbo tupu ndiyo ujae uonekane. Mtu akishakula, unajikunja. Mwezi mzuri wa kuupima ni huo huo wa Ramadhani, Pemba nzima ina njaa!

Nilitakiwa niseme: rudi kesho asubuhi ukiwa umefunga. Sikusema. Sikutaka kuiona sura yake mara mbili.

Nikampaka jeli, nikatazama skrini. Mfuko umejikunja, ukuta wake mnene. Nikajisemea, mnene kwa kuwa kala. Ndani kuna kitu cheupe kinang'aa, nyuma yake kimeangusha kivuli cheusi. Jiwe hilo! Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angelijua. Mie nikajidanganya kuwa ni hewa ya utumbo.

Nikabonyeza pale pale, tena kwa nguvu. Mize akakata pumzi, akanikamata mkono.

"Weye! Unaniua!"

"Acha maigizo, hapa si ukumbini."

Na kule kukata pumzi ndiyo dalili tuliyofundishwa kuitafuta! Wallahi niliiona, na nikaicheka.

Mama mkwe akauliza, "Ana nini?"

"Hana kitu. Nyongo yake safi kuliko yangu. Huyu anakwepa kufunga tu!"

Nilisema kwa sauti, mlango wazi, na benchi la nje limejaa watu. Mize akafuta jeli kwa mtandio wake mwenyewe. "Unanichukia mpaka umepofuka," akasema, akatoka.

Hata tarawehe haijesha, mtaa mzima unajua: Mize anajisingizia maradhi apate kula mchana. Mama yake akamrudisha jikoni. Akafunga kwa aibu, akakaanga bajia za watu huku kajishika ubavu.

Alasiri moja akaanguka pale pale jikoni. Homa, matapishi, macho ya manjano kama bizari. Mume wangu akamkimbiza hospitali kubwa. Huko wakampima tumbo likiwa tupu, kisha mume wangu akanipigia simu.

"Daktari anauliza nani aliyesema hana kitu. Nimjibu nini?"

Nikakata simu.

Walimpasua. Mfuko umejaa vijiwe na usaha. Alikaa baina ya uhai na mauti.

Alipona, alhamdulillahi. Sikukuu nikampelekea mkate wa kumimina. Nikaingia chumbani kwake, nikafunga mlango, nikapiga magoti.

"Mize, nisamehe. Leo Sikukuu."

"Uliniita mvunja saumu mlango wazi. Radhi ndiyo unaniomba umefunga mlango? Nenda kaseme kule kwenye benchi, kwa sauti ile ile. Na mkate wako ondoka nao!"

Sijaenda. Mume wangu siku hizi anakula kwa mama yake, na mie nawaandikia bila jina kwa kuwa bado naliogopa lile benchi.

Jamani, mnaofunga, kipimo hiki hakifunguzi, njooni na saumu zenu! Na nyinyi wapimaji wenzangu, mgonjwa kashiba, mwambie arudi na tumbo tupu. Lakini akiwa na homa au macho ya manjano, usimngojeshe hata kidogo, mpeleke kwa daktari. Akikata pumzi ukimbonyeza, mwamini.

Na kama aliyelala kitandani humpendi, toka, mwite mwenzako ampime yeye. Mie mwenzangu alikuwa chumba cha pili, anakunywa uji. Sikumwita!