Saa Tano na Nusu Kutoka Maskati

Bi Mwanahalima, mkulima wa mihogo wa Kibuta, si mtu wa kukasirika ovyo. Hata mbuzi wa jirani akila miche yake humswaga taratibu. Lakini hasira aliyoipata mwaka ule haijamtoka hadi leo.

Binti yake Hajra alikuwa Maskati akifanya kazi za ndani. Alipokaribia kumaliza mwaka wa pili, wa mwisho wa mkataba wake, akamwagikiwa mafuta ya moto mkono wa kulia. Alipiga simu akilia: tajiri amempa dawa ya kupaka tu, pasipoti yake imefungiwa kabatini, naye anataka kurudi nyumbani.

Mwanahalima akampigia Zaidi, wakala wa Kibaha aliyempeleka.

"Mama, Maskati si Mlandizi," Zaidi akamwambia. "Ni safari ya siku tatu, ndege anabadilisha nne. Mgonjwa haiwezi. Apone kwanza."

Akaamini. Angejuaje, naye ndege huziona zikipita juu tu? Akangoja wiki tano, na kila simu sauti ya Hajra ilizidi kufifia.

Siku moja akamsimulia Mwalimu Elinipa, anayefundisha jiografia sekondari ya pale kijijini. Mwalimu akatoa simu, akapekua.

"Mama, kutoka Maskati hadi Dar ni karibu kilomita elfu nne. Ndege ya moja kwa moja inatumia tano na nusu."

"Siku tano?"

"Saa, mama. Anapanda asubuhi, mchana yuko hapa."

Kesho yake alfajiri Mwanahalima akashika njia: bodaboda hadi Kisarawe, kisha gari juu ya gari mpaka Kibaha. Alimkuta Zaidi ofisini anakunywa chai.

"Nimetumia saa nne kutoka Kibuta," akasema bila salamu. "Mwanangu angeondoka Maskati nilipoondoka mimi, sasa hivi angekuwa anakaribia kutua. Wewe ukaniambia siku tatu."

"Bi mkubwa, mambo ya ndege huyaelewi."

"Ulijua siyaelewi. Ndiyo maana ukanidanganya, ili amalize mkataba kwanza."

Waliokuwa wanasubiri kwenye benchi wakatazamana. Mama mmoja akaichukua fomu ya binti yake mezani, akaikunja, akatoka nayo.

Mwalimu Elinipa akamsaidia kuandika barua kwa wizara ya mambo ya nje, nayo ikambana tajiri kupitia ubalozi. Siku ya kumi na mbili pasipoti ikatolewa, na Hajra akapanda ndege. Alipotoka uwanjani, mkono ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha kichwani.

"Nilisinzia kidogo tu, mama," alisema, "nikasikia tunaambiwa tufunge mikanda, tunashuka."

Mwanahalima akageuza uso, Hajra asimwone anavyouma meno.

Daktari alisema kovu limeshavuta ngozi. Angeletwa mapema, kiwiko kingenyooka. Sasa Hajra anamenya mihogo kwa mkono wa kushoto, polepole. Mama yake amefungua malalamiko polisi dhidi ya Zaidi. Kila wiki wanamwambia aje wiki ijayo, na kila wiki anakwenda.