Chuma Kimekatika, Mjane Anaungamishwa

King'ora cha viwanda vya Industrial Area kinalia, na fundi Maingi amelala chali chini ya gari. Miguu yake imechomoza nje kama ya mtu aliyegongwa. Kando ya miguu hiyo kuna jeneza.

Huu ni uwanja wake wa kazi, nyuma ya nyumba za Makadara, Nairobi, hauna paa wala ukuta. Mama mmoja anayepita na karai la mboga anasimama na kulishusha karai.

"Nani ametutoka?"

"Ni mawe, mama," sauti inatoka chini ya gari.

Mama anatazama jeneza, anatazama miguu. "Poleni hata hivyo," anasema, na kwenda zake.

Mawe hayo yana uzito wa mwanamume mzima. Leo yatapandishwa juu ya keria ya gari hili la stesheni-wagoni na kuzungushwa barabarani, ili mjane mmoja apate kurudishiwa watoto wake. Msomaji asicheke bado. Kwanza akasirike, kucheka kutakuja kwenyewe.

Maingi Munyoki, baba wa watoto sita, ni fundi wa sehemu ya chini ya magari. Injini hagusi. "Injini ni ya watu wanaopenda kelele," anasema. Kazi yake ni springi, shoki, na stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayopita chini ya gari kutoka gurudumu hili hadi lile. Gari likiingia kona na upande mmoja ukataka kulala, fimbo hiyo hujisokota na kukataa. Ikiwa nyembamba, gari huyumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Ikiwa imekatika, abiria waanze kusali.

Tangu magari ya Safari Rally yapite Pasaka hii ya 1981, vijana wa maofisini wanamjia awafungie stabilaiza nene ya nyuma, nao wakate kona kama wale wa mashindano.

"Wanakwenda ofisini na kurudi," anasema mkewe, Kalekye, akimpa spana. "Kona zenyewe hazifiki tatu."

Stabilaiza haichomelewi. Chuma chake kikipigwa moto hupoteza ugumu, kwa hiyo Maingi hutafuta fimbo nzima ya gari kubwa zaidi kwenye vyuma chakavu. Bushi, vile vipete vinavyoishikilia fimbo isicheze, huzichonga mwenyewe kwa mpingo, kisha huzilowesha kwenye oili chafu. Za mpira zinazouzwa siku hizi, anasema, huisha kabla risiti haijakauka.

Baba yake alikuwa mchonga vinyago wa Wamunyu, Ukambani. "Mzee alichonga twiga, mimi nachonga bushi. Sijasikia twiga amemfikisha mtu nyumbani."

Gari lililo juu yake leo ni la Naftaly, dereva anayejulikana sana na watu wa Magharibi mwa Kenya waishio mitaa hii. Kila Ijumaa husafirisha marehemu kwenda kuzikwa kwao, jeneza juu ya keria, jamaa ndani. Mzigo ukikaa juu namna hiyo, stabilaiza si urembo.

Naftaly alilileta gari ili afungiwe fimbo nene, maana wateja walikuwa wameanza kuogopa. Maingi aliinama, akakuta fimbo ya zamani imekatika vipande viwili. Vilikuwa vimefungwa kwa mpira wa tairi, na kutu ilikuwa imekula pale palipokatika.

"Hii ilivunjika lini?"

"Zamani kidogo," alijibu Naftaly. Kisha, huku akinywa chai, akasimulia kisa kilichomchekesha. "Kule kona za Timboroa gari lililala hivi, likalala vile. Nikasimama. Nikawaambia, wazee, marehemu anakataa kwenda. Mwulizeni mkewe anaficha nini."

Maingi hakucheka. Alikwenda kumtafuta huyo mke.

Anaitwa Nakhumicha, kibarua katika kiwanda kimoja cha biskuti, mkazi wa Mukuru kwa Reuben. Anazungumza polepole, kama mtu aliyekwisha kuulizwa maswali mengi.

"Walinishusha kwenye mvua, nikapiga magoti kwenye lami. Shemeji yangu Laban akasema, taja wanaume. Sikuwa na wa kutaja. Nikaungama sukari niliyokuwa nikimficha mume wangu. Wakasema si hiyo."

Gari liliyumba hadi Kimilili. Baada ya mazishi, jamaa wote walinyolewa kama ilivyo desturi. Yeye alinyimwa wembe. Alirudishwa Nairobi na nywele zake za msiba, na watoto wake wawili wakabaki kwa bibi yao mpaka "aseme ukweli". Huu ni mwezi wa nne hajawaona.

Hebu tuseme wazi. Gari zima la wanaume wazima, wengine wamevaa tai, na hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama chini. Waliona ni rahisi zaidi kumwinamisha mwanamke.

Na Naftaly alijua. Mkono uliofunga ule mpira wa tairi ni wake. Maingi alipomtaka akaseme, alishtuka kama aliyeombwa figo.

"Fundi, nikisema hivyo nani atanipa maiti tena?"

Maingi alifungua magurudumu yote manne, akayapanga, akayakalia. Naftaly aliapa, akabembeleza, akamtuma mchungaji. Mwishowe akakubali kuendesha gari kwenye jaribio la leo. Kusema, hapana.

Laban anafika kama alivyoitwa, karani mwenye viatu vinavyong'aa, na kuketi mbele. Nakhumicha na Kalekye wanapanda nyuma. Jeneza limefungwa juu ya keria. Mzunguko wa kwanza, Maingi ameacha stabilaiza bila kuiunganisha.

Gari linaingia raundabauti ya Jogoo Road. Linalala. Jeneza linagonga keria, na Laban anashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu, tulia! Tunakupeleka nyumbani!"

"Shemeji," Nakhumicha anasema, "hayo ni mawe."

Wanarudi uwanjani. Maingi anaingia chini, anaunganisha fimbo, anakaza nati. Mzunguko wa pili, mwendo ule ule, mawe yale yale. Gari linapita kona limenyooka. Hakuna anayepiga kelele ila Kalekye, anayeimba wimbo wa harusi.

Laban anashuka, anajifuta uso, na kwa mara ya kwanza anainama kutazama chini. Anakaa hapo kitambo. Anapoinuka, ananyoosha kidole chini ya gari.

"Kile cheusi ni nini?"

"Bushi."

"Ni mti! Mti umechongwa, umepakwa mafuta meusi, umefungwa chini ya gari na Mkamba!" Anarudi nyuma hatua kadhaa. "Ndiyo maana marehemu ametulia. Mmemfunga dawa!"

"Marehemu gani, baba?" Kalekye anauliza. "Fungua sanduku umsalimie!"

Uwanja unaangua kicheko. Nakhumicha hacheki. Amesimama kando ya jeneza, mkono juu ya kifuniko, akimtazama Laban na viatu vyake akitokomea kati ya nyumba.

Maingi anapangusa mikono. Hajakata tamaa, amechukia tu. Jumamosi, anasema, watapanda kwenda Kimilili na mawe haya juu. Bushi za mpingo atazitoa, atie za mpira za dukani, Laban akitazama. Watapita kona zile zile za Timboroa. Kisha watasimama uani kwa mama mkwe wa Nakhumicha, maana ndiye mwenye kauli juu ya watoto, na Naftaly atasema kwa kinywa chake ni nini kilichokuwa kimekatika.

"Asiposema, naifungua stabilaiza yangu hapo hapo uani. Atarudi Nairobi akiyumba peke yake."

Naftaly anatazama ndani ya kikombe chake cha chai. "Nitasema," ananong'ona.

"Sauti hiyo haitafika kwa mama mzee," Kalekye anamjibu.

Nakhumicha amekwisha kununua nguo za watoto. Amezikadiria kubwa kidogo, kwa miezi ambayo hakuwaona wakikua. Anaulizwa kama haogopi safari hiyo.

"Naogopa nini? Safari hii juu kuna mawe. Gari likiyumba tena, waniambie nimekuwa mke wa mawe tangu lini."