Pale Video Ilipoishia

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu Kasulu, na mama yangu alikuwa analala chini, kwenye mkeka, sebuleni kwangu. Kitanda kilikuwepo, tena cha mninga, lakini alikataa kukipanda. Dada yangu alikuwa amefariki Marekani, na kwetu mama mfiwa halali kitandani mpaka matanga yaondolewe. Mama akaongeza sharti lake mwenyewe: matanga hayaondolewi mpaka aone kwa macho yake udongo ukimfunika mwanawe.

Dada aliolewa na Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wakapelekwa ng'ambo miaka kadhaa kabla kambi haijafungwa. Shemeji alirekodi mazishi, akayaweka kwenye mtandao, akanielekeza pa kuyapata. Simu yangu ilikuwa ya tochi. Nikajikamua, nikanunua kompyuta mpya, bado iko ndani ya nailoni yake, nikamwambia mama, "Kesho utalala kitandani." Mdomo uliponza kichwa.

Kwanza brauza ilikataa kabisa kufungua ukurasa, ikidai si salama. Nikaja kugundua kompyuta ilitoka dukani na tarehe ya miaka ya nyuma, miaka ambayo dada alikuwa bado anachota maji kwetu Kibondo. Nikaisahihisha. Ukurasa ukafunguka, lakini mahali pa video pakawa boksi jeusi: inakosa kiprogramu cha kuchezea. Kukipakua kulikula siku nzima, maana mtandao wa Kasulu siku hizo ulikuwa unaingia na kutoka kama kuku jikoni. Kilipoingia, ikatoka sauti bila picha. Mtu alikuwa anahubiri kwa Kiingereza.

Mama akaketi upesi. "Ni yeye?"

"Hapana, mama. Ni mchungaji."

Akajilaza tena, akaanza kukohoa. Sakafu ya saruji katika baridi ya huku kwetu si mahali pa kifua cha mzee. Kila alipokohoa niliona kama ananisema mimi. Nilikichukia kile kikohozi na niliichukia ile kompyuta, na sijui nilichukia kipi zaidi. Walimu wakongwe shuleni wakanipoza kwamba subira huvuta heri. Yangu ilikuwa inavuta bando tu.

Mwishowe nikaingia kwenye mipangilio, nikazima hiki, nikawasha kile, bila kujua ninachofanya. Mfa maji haachi kutapatapa. Picha ikaja. Nikaisimamisha ili ipakie kwanza isije ikakwama, na tulipomaliza chakula cha mchana nikamwita mama, nikaweka kompyuta juu ya stuli.

Tukaliona jeneza. Lilikuwa limewekwa juu ya vyuma, na chini yake kumetandikwa zulia la kijani, kaburi lenyewe halionekani. Mchungaji akaomba. Watu wakaweka maua. Shemeji alikuwa amesimama na watoto wawili waliovaa makoti makubwa. Mama aligusa kioo kwa kidole, akataja majina yao taratibu. Halafu watu wakageuka, wakaelekea kwenye magari, na picha ikasimama.

"Mbona wanaondoka?" mama akauliza. "Hawajamfukia."

"Imekatika, mama. Ni mtandao."

Sikumdanganya. Niliamini hivyo kwa moyo wote, kwa sababu katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kuona watu wanaondoka makaburini jeneza likiwa bado juu. Kwetu hata mtoto anatupia konzi yake ya udongo, na wanaume wanapokezana majembe mpaka tuta linasimama. Kwa hiyo kosa lazima lilikuwa la kompyuta. Nikafuta kumbukumbu za brauza. Nikaweka brauza nyingine. Nikaipakua video yote nikaicheza bila mtandao, ikaishia palepale, kwenye magari. Nikaipeleka kompyuta kwa fundi wa stendi, akaniambia, "Mwalimu, hii iko fresh, imeisha yenyewe." Nikamwambia hajui kazi, nikaondoka nimenuna.

Nikampigia shemeji ili atume kipande kilichobaki.

"Hakuna kipande, shemeji," akasema. "Imeisha hapo. Huku ni hivyo. Watu wanakwenda nyumbani, halafu wafanyakazi wanakuja na mashine."

"Na wewe? Hukubaki?"

"Walituambia twende. Watoto walikuwa wanatetemeka. Sikujua kama inaruhusiwa kubaki."

Ningeweza kumwambia mama kwamba video imeharibika kabisa, haitengenezeki. Nilitamani sana. Lakini angelala pale chini akisubiri kompyuta nyingine. Nikakaa kando ya mkeka, nikamweleza yote jinsi nilivyoyasikia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo katika watu wetu, hakuna aliyeona?"

"Hakuna, mama."

"Mwana wanje," akasema, mwanangu, na sikujua ananiita mimi au anamwita dada. Nilitaka kumshika mkono, nikashindwa.

Baada ya muda akaniambia nimwekee tena, pale tu wanapoondoka. Nikamwekea. Siku hiyo picha ilicheza vizuri, haikukwama hata kidogo. Akaniambia nirudishe, nikarudisha, tena na tena, na yeye amesogeza uso karibu kabisa na kioo, anamtafuta mmoja kati yao ambaye pengine aligeuka kutazama nyuma. Hakugeuka mtu.