Mwasumini Uliokaa Eda

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mama mkwe wangu aliingia chumbani kwangu na kikombe cha uji, akasimama mlangoni, akanusa. Akauliza kuna nini kinachooza humu. Nikamjibu hakuna kitu. Nilikuwa nakaa eda, mwezi wa pili umekwisha, na nilikuwa nasema uongo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mume wangu, Saidi, alikuwa fundi cherehani hapa Palma, na homa ilimchukua kwa siku sita tu. Mwaka mmoja kabla alivuka mpaka kwenda Mtwara kununua vitambaa, akarudi na kitawi cha mwasumini alichokifunga kwa kitambaa kibichi. Akakipanda ndani ya kopo la rangi, akaliweka barazani. Tulimcheka. Nani anapanda maua kwenye kopo na uani kuna nafasi? Akasema uani mbuzi wa jirani watautafuna, na kweli wangeutafuna.

Wiki ile tuliyomzika, mwasumini ukachanua. Sijui kama unanielewa hapo. Nyumba imejaa watu, wanawake wamekaa mikekani, mimi nimefunikwa kanga, na kutoka barazani inaingia harufu ya asumini kama siku ya harusi. Nilikasirika. Watu walipopungua nililichukua kopo lile, nikang'oa maua yote, hata vitumba ambavyo havijafunguka, nikaliingiza chumbani na kulisukuma nyuma ya sanduku, mahali pasipofika mwanga. Walioniuliza niliwaambia mjane hatakiwi kutumia manukato, na asumini ni manukato. Walikubali, wengine wakanisifu. Lakini hiyo haikuwa sababu, mwanangu, na ilinichukua miaka mingi kuisema ya kweli. Niliufungia kwa sababu ulichanua na yeye hayupo.

Basi ukakaa gizani pamoja nami. Hasira iliisha kidogo kidogo nikaanza kuuonea huruma, ila sikuutoa. Badala yake, kila nilipotawadha, maji yaliyobaki kwenye birika niliyamimina ndani ya kopo, mara tano kwa siku. Majani yakageuka manjano. Nikaongeza maji. Yakaanza kudondoka. Nikaongeza tena. Yalipobaki manne nilishikwa na hofu, kwa kuwa hatukujaaliwa mtoto, na picha ya Saidi nilikuwa nayo moja tu, ile ya kitambulisho. Kitu pekee chenye uhai alichokiacha mkononi mwangu kilikuwa kile, na nilikuwa nakiua mwenyewe. Sikumwambia mtu.

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, alikuwa mkulima wa Pundanhar. Alikuwa ameshuka pwani kukaa nami mpaka eda iishe, na usisahau kwamba aliyekufa alikuwa mwanawe. Asubuhi ile alifuata harufu mpaka nyuma ya sanduku, akalivuta kopo, akatia kidole kwenye udongo. Kikatoka na tope jeusi. Nikaanza kumweleza habari za manukato na sheria ya eda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mkwe wangu, eda ni yako. Mti huu mwanangu aliupanda tu, hakuuoa."

Nilicheka. Mjane wa miezi miwili, nilicheka, halafu nikalia, na yeye akakaa chini mkekani akaningoja, kopo likiwa katikati ya miguu yake. Nilipotulia nikamwuliza kama umeshakufa. Akalikwaruza shina kwa ukucha, chini kabisa, karibu na udongo. Ndani palikuwa na kijani, chembamba kama uzi.

"Bado upo," akasema. "Lete kisu."

Mizizi mingi ilikuwa imeoza, ukiigusa inavunjika. Akaikata yote mpaka ikabaki ile myeupe tu, kisha akapunguza na matawi, maana mizizi michache isingeweza kuyalisha yote. Kopo akalitoboa chini kwa msumari, kwa sababu Saidi, Mungu amrehemu, alijua kushona suruali lakini hakujua kwamba maji yanahitaji pa kutokea. Akachanganya udongo mpya na mchanga na samadi kuukuu, ya mbuzi walewale wa jirani.

Nilidhani atalipeleka juani siku hiyohiyo. Akakataa, akasema mti uliotoka gizani ukipigwa na jua ghafla unaungua. Aliliweka karibu na dirisha langu, akafungua pazia nusu. Baada ya wiki akalisogeza mlangoni. Baadaye, kwenye kivuli cha baraza. Na maji ikawa mpaka nitie kidole na kukuta udongo umekauka juu. Siku moja alinikuta nimeshika birika kabla ya wakati. Alinitazama tu, nikalirudisha.

Wiki zikapita, kijiti ni kilekile. Nikamwambia tunajidanganya.

"Mimi pia kila asubuhi natega sikio nisikie cherehani," akanijibu. "Tungoje."

Siku niliyotoka eda, nimeoga na kubadili nguo, nilikuta machipukizi mawili, madogo kuliko punje za mchele. Bi Zuhura alirudi kwao siku chache baadaye. Maua hayakuja mpaka mwaka uliofuata. Yalipokuja nilichuma machache, nikayafunga kwenye kipande cha kitambaa kutoka kwenye mabaki ya Saidi, nikampa mtu aliyekuwa anakwenda Pundanhar ampelekee. Barabara ile unaijua. Yalifika yamekauka. Bi Zuhura akaniletea salamu kwamba harufu ilikuwa bado ipo.

Yeye naye hayupo sasa. Miaka hii ya vita wengi wenu mmezika mkiwa wadogo kuliko mimi nilivyokuwa, ndiyo maana nimeona nikuandikie. Mmea ukiugua ndani ya nyumba yako, usikimbilie maji. Tia kidole kwanza, tazama mizizi, kata kilichooza, usogeze kwenye mwanga taratibu, kisha uuache upumzike, hata kama mikono yako inataka kufanya kitu. Na ukiwa na msiba, kaa nao, ni haki yako. Lakini mdogo wako akicheka uani, au jirani akifungua redio, usimfungie nyuma ya sanduku pamoja nawe. Itakuuma, sikufichi. Mimi iliniuma.

Mwasumini ule umezaa makopo saba hapa barazani kwangu. Ukitaka kitawi, njoo na kopo lako, ila litoboe kabla hujaja.

Mungu akuwekee dirisha katika kila chumba cha huzuni utakachoingia, akupe na mtu wa kukungoja mkekani mpaka utulie. Amina, mwanangu.