Kuku Aliyeganda Mara Mbili

Nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanitukana. Mkimaliza nitukaneni mtakavyo, nimestahili. Sitamsingizia shetani, na umeme pia sitausingizia. Nilifanya mimi, kwa mikono yangu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Nilikuwa na biashara ya vitafunwa Kariakoo, ghorofa ya pili ya jengo moja la maduka. Nusu fremu tu, nusu nyingine jamaa anauza mikoba. Mwenye jengo hataki moshi, kwa hiyo mkaa hakuna, gesi hakuna. Nilikuwa na friza, maikrowevu na meza ndefu yenye viti. Sambusa, kebabu, soseji za ng'ombe, vipande vya kuku, vyote nanunua vimeshaganda kwenye mifuko. Mteja akija natoa, natia kwenye maikrowevu, dakika mbili anakula. Watu wa Kariakoo hawana muda jamani! Mtu akiacha duka ashuke chini kwa mama lishe, akirudi mteja wake keshahamia kwa jirani.

Kilichonipa jina ni dipu ya kuku. Nilijifunza kwenye simu, kwa wale wanaopika huku wanajirekodi. Unayeyusha kuku wa friza, unamchambua, unachanganya na jibini laini, mayonezi, kitunguu swaumu na pilipili, halafu unarudisha kwenye maikrowevu mpaka ichemke. Mtu anachovya sambusa au skonzi. Walinipenda! Wakaniita Mama Dakika Mbili, na mimi nikalibeba hilo jina kwa maringo.

Sasa sikieni ugonjwa wa jengo letu. Ukichomeka friza na maikrowevu kwa pamoja, swichi kubwa inajikata, ghorofa nzima giza, na wenye cherehani wanakuja juu yako. Fundi alishaniambia waya ni za zamani, hazibebi vyote. Nikazoea kuchomoa friza nikitaka kupasha, na kuirudisha nikimaliza. Lakini mchana watu wakijaa nani anakumbuka kurudisha? Friza ilikuwa inakaa imezimwa saa mbili, saa nyingine tatu. Nikajiambia friza ikijaa barafu inajishikilia yenyewe, na kweli ilikuwa haijawahi kunitia aibu.

Fremu ya kushoto kwangu alikuwa dada mmoja wa Lindi anauza vitenge. Jina lake si hili, lakini nimwite Zai. Mimi mtu wa Kilimanjaro, wa kanisani, yeye Mwislamu wa kusini, ila tuliishi kama tumetoka tumbo moja. Alikuwa amekaa kwenye ndoa miaka tisa bila mtoto. Ndugu wa mume walishaanza maneno. Mume mwenyewe, ambaye mimi namwita Shemeji, hakuwahi kumwambia neno baya.

Halafu mimba ikashika. Siku aliyoniambia tulijifungia kwenye fremu yake, katikati ya marobota ya vitenge, tukalia wote wawili mpaka wateja wakawa wanagonga.

Mimba ile ilimkataza kila kitu. Akisikia harufu ya mafuta ya kukaangia anatapika, wali hautaki, nyama ndiyo kabisa. Alichokubali mchana ni dipu yangu na skonzi ya moto. Kila siku saa saba yuko mezani kwangu. Akawa anawaambia wateja kwamba mtoto huyu nusu ni wangu, maana ndiye ninayemlisha. Mimba ikafika miezi mitano.

Jumamosi moja nilikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga mpwa wangu anayeolewa. Mchana watu walijaa, simu zinaita, dada zangu wananiuliza niko wapi, nywele sijatengeneza. Nikapasha mara ya mwisho, nikafuta meza, nikafunga fremu mbio mbio. Jumapili hatufungui.

Jumatatu asubuhi nafungua mlango, maji yametapakaa sakafuni. Waya wa friza umelala juu ya kifuniko pale pale nilipouacha Jumamosi.

Nikafunua. Hewa ya vuguvugu ikanipiga usoni. Mifuko imelegea, kuku wanaelea kwenye maji mekundu. Haikuwa harufu ya kuoza. Ilikuwa harufu ya kitu kinachotaka kuanza kuoza. Nikanusa kipande kimoja, nikanusa cha pili, na nikajua. Naomba hilo mlishike vizuri. Nilijua.

Ningetupa. Lakini nilikuwa nimeijaza Ijumaa, imejaa mpaka juu, na roho iliniuma. Nikamwaga yale maji kwenye ndoo, nikakausha mfuko mmoja mmoja kwa kitambaa, nikachomeka friza na siku hiyo sikuuza kitu. Niliwaambia watu maikrowevu ina hitilafu.

Jumanne asubuhi kila kitu kilikuwa jiwe. Ukigonga kinalia. Utadhani hakijawahi kuyeyuka! Nikajidanganya kwamba kikishaganda kimepona. Nikatoa kuku, nikatengeneza dipu, na vitunguu swaumu nikazidisha, na ndimu nikazidisha, mtu asisikie kitu.

Lakini ona unafiki wangu. Nilikuwa nimechemsha yai nyumbani, nimekuja na chai ya Zai kwenye chupa, nikaficha pembeni. Wengine nilikuwa tayari kuwalisha, yeye nilishaamua hatakula.

Saa saba akaja. Akakuta watu watano mezani wanachovya na kusifia. Nikamwambia leo nimekuandalia yai. Akacheka, akaniuliza kwani kuna nini, mbona wenzake wanakula. Sauti yake ilikuwa ya utani tu. Wale watu watano wakaacha kutafuna, wakaniangalia.

Jamani, ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Ningemwambia usile, wangeniuliza kwa nini, na siku ile ile jengo zima lingejua. Nikaogopa aibu ya watu watano wenye sambusa mkononi.

"Hamna kitu," nikasema. "Nilitaka tu ubadilishe."

Akasema yai hataki, litupishe huko. Nikamwekea dipu. Nikaipasha dakika mbili, nikaongeza na mbili nyingine, eti moto utamaliza kila kitu. Nilisimama nikiangalia bakuli linazunguka mle ndani. Kengele ilipolia nilitamani isingelia. Akala yote, akapangusa bakuli kwa skonzi, akanishukuru, akarudi dukani kwake.

Jumatano watu wawili walilalamika matumbo. Nikasema labda ni maji ya lile tangi la juu. Wakakubali. Alhamisi Zai hakufungua duka.

Shemeji alinipigia simu saa nne asubuhi kutoka hospitali. Nilikwenda na mkoba mkononi bila hata kufunga vizuri. Nilimkuta Zai ana homa kali, anaharisha, midomo imekauka, tumbo linakaza na kuachia. Aliponiona akanyoosha mkono nimshike. Nikamshika.

Walikuwa wamepima malaria, hakuna. Shemeji amekaa kwenye benchi, kichwa kimeinama. Alikuwa ameshamweleza daktari kwamba Jumanne jioni alipita soko la Feri akanunua samaki, wakapika mchuzi wa nazi, na kwa mara ya kwanza mkewe akala chakula cha jioni vizuri. Alikuwa anarudia hilo hilo: mimi ndiye niliyemletea, mimi ndiye niliyemletea.

Daktari, dada mmoja mpole, akanigeukia.

"Mama, nasikia mchana anakula kwako. Jumanne alikula nini?"

"Yai na chai tu," nikasema.

Yaani lilitoka lenyewe, halikunikwama hata kidogo. Akaniuliza tena kwa utaratibu kama sikumpa kuku, jibini, mayonezi au kitu chochote cha friza, kwa sababu kwa mjamzito vitu hivyo vikiharibika vina hatari yake, na yeye anataka kujua aanze na dawa ipi. Nikarudia yai na chai. Akaandika. Zai alikuwa amefumba macho, homa imempanda, hakusikia nilichojibu.

Nilitoka pale nikarudi fremuni. Kile kilichoniuma kukitupa Jumatatu, siku hiyo nilikitupa chote, mpaka mfuko wa mwisho. Nikaosha friza kwa dawa ya kufulia mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Jamaa wa mikoba akanisifia kwa usafi.

Jumamosi mtoto akatoka. Alikuwa wa kiume. Shemeji na ndugu zake wawili ndio waliokwenda kumzika.

Kama ningesema ukweli pale hospitali, angepona? Sijui. Daktari hakuahidi kitu. Lakini aliuliza mara mbili, na mara zote mbili mimi nilimfungia mlango.

Mnadhani iliishia hapo? Zai alipopona alimgeuzia mume wake uso. Hakumtukana. Aliacha tu kula chochote kinachotoka mikononi mwake. Akiingia na mfuko wa matunda, haugusi. Mume akichota maji, Zai anayamwaga anachota mengine. Aliniambia anajua hakukusudia, lakini akiiangalia ile mikono anaona samaki. Na mimi nilikuwa nampa pole! Nilikuwa nakaa naye kwenye vile vitenge naitikia.

Siku moja Shemeji akaja kwangu mwenyewe. Mtu mzima, amekonda, shati limempwaya. Aliomba nimsaidie kuongea na mkewe amsamehe, kwa kuwa mimi ndiye anayenisikiliza. Nikamwambia nitajaribu. Akanishukuru sana.

Tangu hapo chakula kilinishinda. Nikisikia kengele ya maikrowevu popote, jasho linanitoka. Friza niliiuza. Nikabaki nauza chai, mkate na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani, na watu wakashangaa Mama Dakika Mbili amepatwa na nini. Kanisani nilikuwa nakaa viti vya nyuma, mahubiri yakianza natoka nje. Mume wangu aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni uchovu.

Mwaka ukapita. Siku moja Zai akaja mapema kabla watu hawajapanda, akavuta kiti, akakaa karibu yangu kabisa. Uso umenawiri. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Nimeshika tena," akasema. "Miezi mitatu. Na safari hii nitakula kwako tu. Mume wangu sitaki aniletee hata maji. Wewe ndiye ambaye sijawahi kukuogopa."

Mungu wangu! Nilitamani sakafu ipasuke. Nikaangalia lile tumbo ambalo hata halijaanza kuonekana. Nikaona nikinyamaza, nitamlisha miezi sita huku nimemfanya amwogope mtu asiye na kosa.

Nikafunga mlango wa fremu. Nikamweleza yote. Waya, maji sakafuni, ndimu, yai nililoficha, daktari alivyouliza na nilivyojibu. Maneno yalikuwa yanagongana, lakini sikuacha kitu. Nilipiga magoti.

Hakulia. Alikuwa ameshika ncha ya kitambaa cha meza, anaikunja na kuikunjua. Nje maduka ya jirani yakaanza kufunguliwa. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Ulijua kabla sijala, au ulijua baada?"

Ningeweza kusema baada. Baada kuna mlango wa kutokea. Mtu aliyejua baada ni mzembe, anaweza kusamehewa siku moja. Alikuwa ananiangalia usoni, na nadhani alikuwa ananiombea niseme baada.

"Kabla," nikasema.

Akainuka. Akajitanda mtandio wake vizuri, akafungua mlango, akashuka ngazi taratibu huku ameshika ukuta. Sikuthubutu kumfuata.

Baada ya siku tatu Shemeji alikuja na wabebaji kuchukua vitenge. Nilimsalimia. Alinipita kama vile pale hakuna mtu. Walipomaliza alirudi peke yake, akasimama mlangoni kwangu, akaiangalia ile meza niliyokuwa nalishia watu, akaondoka. Angenipiga ningeshukuru.

Jengo likajua. Hakuna aliyenifukuza, waliacha tu kuja. Nimefunga, sasa niko nyumbani. Mume wangu anaongea na mimi kuhusu watoto na ada ya shule, basi.

Nyinyi mnaouza vyakula vya friza, na nyinyi mnaovipasha nyumbani kwa haraka watoto watoke shuleni wakute chakula, nisikilizeni. Kuku akishayeyuka akalala na joto, mtupe. Msimrudishe kwenye friza mkadhani baridi itafuta kilichotokea. Maikrowevu inaweza kuchemsha pembeni na katikati ikaacha baridi, msiitegemee iwaoshee uzembe. Na kama umeshakosea, na daktari amesimama mbele yako na kalamu anakuuliza mgonjwa alikula nini, mwambie. Mwambie hata kama mume wa mtu, mama mkwe na ukoo mzima wanasikiliza. Aibu yenyewe nimeipata vile vile, imekuja tu na kaburi.

Kwa hesabu yangu, mwezi huu ndio Zai anajifungua. Sijui amehamia mtaa gani, sijui anakwenda kliniki wapi, sijui sasa hivi anakula kwa nani au kama anakula. Kila simu ikiita nakimbilia kuitazama. Natamani kujua kama mtoto amefika salama, na katika watu wote wa Dar es Salaam mimi ndiye nisiye na haki ya kuuliza.